Mbwa Wasio na Wenyewe

Mwidani wa Boga aliajiriwa katika ofisi ya mifugo mwaka 1981 akidhani atafanya kazi na ng'ombe. Hakuna aliyemdanganya. Barua ya kazi ilisema "mifugo", naye, mzaliwa wa Mtongwe upande wa Likoni, mifugo aliyoijua ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Wiki ya kwanza alishika mbuzi. Wiki ya pili mkubwa wake, Wafula, mtu wa Bungoma aliyezungumza kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto, alimkabidhi bomba la sindano, jozi mbili za glavu na sanduku la barafu.

"Wewe ni mtu wa huku," Wafula akamwambia. "Watu watakusikiliza. Utashika mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa. Kichaa cha mbwa kinazunguka. Kila mbwa wa Likoni achanjwe."

"Bwana Wafula, mimi ni Mwislamu."

Wafula alilitafakari jambo hilo. "Mbwa hawatajali," akasema.

Jioni hiyo Mwidani hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa mwalimu wa madrasa akamweleza yaliyomfika. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kazi ya kuzuia watu wasife haina ubaya. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna neno. Shughuli iko kwenye mate: hapo ni kuosha mara saba, moja kwa udongo.

"Na kama kwa siku nimelambwa na mbwa ishirini?"

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Wakusanye wote," akasema. "Saba zile zile zinatosha."

Basi nyuma ya nyumba ya Mwidani pakawekwa ndoo, kata, na fungu la udongo safi ambalo mkewe, Mwanarusi, alilichunga kuliko unga. Mwidani hakuvuka kizingiti kabla ya saba zake kutimia. Mtaani walianza kumwita Mwidani Mbwa. Hapakuwa na kejeli ndani yake. Palikuwa na Mwidani mwingine, fundi cherehani, na ilibidi watu wajue ni yupi anayetajwa.

Aliyepata taabu kidogo ni mama mkwe wake, Bi Dhahabu, mjane aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwao na kuuza mabumunda barazani. Alimpenda mkwewe na hakulificha hilo. Lakini tangu apewe kazi ile, maamkizi yao yalibadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama papo hapo."

Tatizo la kazi yenyewe lilikuwa kwamba Likoni hapakuwa na mbwa. Hivyo ndivyo wakazi walivyosema. Katika zoezi la kwanza, ofisi ilileta dawa ya mbwa mia tatu kwenye uwanja wa shule, na gari lenye kipaza sauti likapita mitaani siku mbili likiwahimiza watu. Walikuja mbwa wanne. Wote walikuwa wa Milcah, mke wa mfanyakazi mmoja wa bandarini, mtu wa bara, aliyewafunga kwa kamba moja kama kuni. Walipokwisha kuchanjwa akauliza wenzake wako wapi. Mwidani alimwonyesha mbwa kumi na mmoja waliokuwa wamekaa kando ya uwanja wakitazama, na wengine waliolala kivulini pa vyoo.

"Wale ni wa nani?" Milcah akauliza.

Mwidani alikuwa amekwisha kuuliza. Kila aliyeulizwa alijibu, "Si wangu." Akiulizwa ni wa nani, alijibu, "Wa Mungu." Waislamu hawakutaka kuandikwa kuwa wanafuga mbwa. Wasio Waislamu waliogopa kwamba ukishaandikwa, siku moja atakuja mtu mwingine na karatasi nyingine. Mbwa walikula, walizaa, walibweka usiku kucha kutoka Mtongwe hadi Shika Adabu, na hawakuwa na mwenyewe.

Alizunguka kwa baiskeli nyumba hata nyumba, miaka na miaka, sanduku la barafu limefungwa nyuma. Alijifunza kumshika mbwa ngozi ya shingo, na kutomtazama machoni. Kwa mwaka alichanja mbwa hamsini, sitini. Wafula alipeleka hesabu hizo ofisi kuu bila kutia neno, maana hata yeye hakujua la kutia.

Mwaka 1986 akafika kwa Jefwa.

Jefwa alikuwa mlinzi wa ua wa mawe ya kujengea, karibu na Shika Adabu. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mcheshi, aliyemkaribisha kila mtu kana kwamba ua ni wake. Mawe yaliyovunjika aliwagawia akina mama wayafanye mafiga. Alikuwa na mbwa mkubwa mweusi aliyemwita Askari, na tofauti na wengine, hakumkana.

"Wangu huyu," alisema. "Lakini kuchanja, hapana. Sindano inaua ukali. Nimeona kwa jamaa yangu. Mbwa alichanjwa, kesho yake mwizi akaja, akamtikisia mkia."

"Si kweli, Jefwa."

"Mwizi mwenyewe ndiye aliyesimulia."

Mwidani alirudi mara ya pili, Jefwa akamnunulia soda. Akarudi mara ya tatu, Jefwa akamwuliza habari za watoto mmoja mmoja, kwa majina, na jua likaanza kushuka. Askari alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwenye sanduku la barafu. Fomu ya ofisi ilikuwa na safu mbili: moja ya mbwa waliochanjwa, nyingine ya nyumba zisizo na mbwa. Hapakuwa na safu ya mbwa aliyepo anayekutazama. Mwidani alikuwa na nyumba nyingine tisa za kupitia kabla barafu haijayeyuka. Akaandika, Jefwa akichungulia begani kwake: "Hakuna mbwa."

Miezi minne baadaye, mvua za masika zilipoanza kupungua, walikutana barabarani.

"Umesikia?" Jefwa akasema. "Mbwa uliyeandika hayupo, sasa hayupo kweli. Amekufa Jumanne."

"Amekufaje?"

"Alikuwa akitafuna mawe. Mawe, Mwidani! Kisha miguu ya nyuma ikalegea. Nimemzika."

Mwidani alishuka kwenye baiskeli. "Alikuuma?"

Jefwa alinyoosha kidole gumba. Palikuwa na alama ndogo, ukubwa wa punje ya mchele, imeshaanza kupona. "Hakuniuma. Alinigusa tu nilipompa maji. Nikapaka mafuta ya taa."

Hapo barabarani Mwidani alimweleza kila kitu. Alimwambia avuke feri siku hiyo hiyo aende hospitali. Alimwambia ugonjwa ule hauna haraka ya kuingia, lakini ukishaingia hautoki. Alimwambia pia, kwa kuwa hakujua kusema uongo, kwamba sindano ni kumi na nne, za tumboni, moja kila siku.

"Kumi na nne! Kwa kidole?" Jefwa akacheka mpaka akashika usukani wa baiskeli. "Haya. Nitakwenda Jumatatu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Jumatatu Mwidani alikwenda uani. Alimkuta mlinzi mwingine. Jefwa alikuwa ameitwa Kaloleni kwenye matanga ya mjomba wake. Hakurudi wiki hiyo wala iliyofuata. Aliporudi, baada ya wiki tatu, alikuwa amenenepa kwa vyakula vya matangani, na gumba lake halikuwa hata na kovu. "Unaona?" akasema. Mwidani alilitazama gumba lile kwa muda mrefu. Alisema tena habari za hospitali, lakini safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Alitaka sana Jefwa awe ndiye aliyesema kweli.

Siku kumi na moja baadaye, asubuhi, mke wa jirani wa Jefwa alikuja mbio kumwita. Hawakumwita daktari. Walisema Mwidani ndiye mtu wa mbwa.

Jefwa alikuwa ameketi chini, ameegemea mawe, shati limelowa jasho. Mbele yake palikuwa na kikombe cha maji. Alimwamkia Mwidani kwa adabu zake zote, akamwuliza watoto hawajambo.

"Hawajambo."

"Nina kiu, Mwidani. Tangu jana. Lakini nikiyasogeza maji, koo linajifunga. Hata nikiyaona tu. Yaondoe, tafadhali."

Mwidani akakiondoa kikombe akakimwaga nyuma ya mawe. Upepo wa baharini ukapuliza uani, na shingo ya Jefwa ikakakamaa, mikono ikavutika. Ulipokwisha kupita, akasema, "Hata upepo." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kwamba rafiki amemsema vibaya.

Walimvusha kwa gari la ofisi. Kwenye feri Mwidani alipandisha vioo vyote, akamfunika Jefwa kichwa kwa leso aliyoazima, asiyaone maji. Wafula aliendesha bila kutoa sauti, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Chini ya leso Jefwa alisema mara moja tu: "Kumbe Jumatatu ilikuwa siku ya maana." Hospitali daktari aliuliza kama mbwa alichanjwa. Mwidani akajibu hapana. Daktari akauliza mwenye mbwa ni nani.

"Ni yeye," Mwidani akasema.

Jefwa alifariki siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Mwidani alikwenda Kaloleni kuzika, akala matangani alichopewa, akarudi kazini Alhamisi.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa faili kabatini na kuitafuta fomu yake. "Hakuna mbwa." Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu asiye na wasiwasi. Alimwomba Wafula ruhusa ya kuisahihisha. Wafula alimwambia, kwa upole, kwamba nakala imekwisha kwenda ofisi kuu na fomu iliyokwenda haisahihishwi.

"Basi zile zisizokwenda?"

"Zile ziko."

Mwidani akachukua rula na kalamu nyekundu. Siku mbili nzima alikaa akichora safu ya tatu kwenye fomu tupu, moja moja, zaidi ya mia mbili. Juu ya safu hiyo aliandika: "Mbwa yupo." Wafula alipita akamwona, akaenda kumletea chai.

Kisha akabadilisha swali. Kwa miaka mitano alikuwa akiuliza watu, "Una mbwa?" Sasa akaanza na mama mkwe wake.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Simama papo hapo."

"Yule mbwa wa manjano nyuma ya jiko..."

"Si wangu."

"Najua. Sikuuliza ni wa nani. Nauliza hula nini."

Bi Dhahabu aliweka chini mwiko. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. "Vichwa vya samaki," akasema. "Na ukoko wa wali, uwe wa nazi. Usio wa nazi haugusi."

"Akija mgeni?"

"Hubweka. Mwanarusi hambwekei. Wewe anakubwekea, lakini si kwa ubaya."

"Hulala wapi?"

"Pale ukutani. Mvua ikinyesha humtandikia gunia." Akajisikia alivyosema. "Gunia ni langu. Mbwa si wangu."

"Jina lake nani?"

"Hana jina. Namwita Wewe."

Mwidani akaandika yote. Kisha, akiwa amesimama pale pale alipoambiwa asimame, akamweleza habari za Jefwa tangu mwanzo hadi leso kwenye feri. Hakuruka mahali alipoandika uongo. Bi Dhahabu alikuwa akimfahamu Jefwa; mafiga aliyopikia yalitoka kwake. Alisikiliza akiwa amejishika shavu. Mwidani alipomaliza, mama yule aligeuka kumtazama mbwa wa manjano, ambaye alikuwa akijikuna.

"Huyu hucheza na watoto wa Mwanarusi," akasema. "Kila siku."

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi saa ngapi?"

Jumamosi uwanja wa shule ulikuwa na watu wengi na mbwa wachache, kama kawaida. Watu walikuja kutazama. Bi Dhahabu alifika saa tatu, buibui safi, hatua za pole, bila kamba wala fimbo, na mbwa wa manjano nyuma yake. Watu wakampisha njia. Wafula alipomsogelea yule mbwa kwa sauti yake, mbwa aliruka nyuma akaonyesha meno. Mwidani akajaribu kumshika shingo. Mbwa akajikunyata, akawa kama atauma. Mbwa yule hakuwahi kushikwa na mtu maishani mwake.

"Wewe," akasema Bi Dhahabu.

Mbwa akalala chini.

Bi Dhahabu alipiga magoti juu ya nyasi, mjane wa miaka sitini na kitu, mbele ya nusu ya Mtongwe, akamkumbatia mbwa kichwa kwa mikono miwili. Wanawake wakaguta. Mzee mmoja akaangalia pembeni kwa heshima. Mwidani akadunga sindano upesi kuliko alivyowahi kudunga. Mbwa hakulia. Alimlamba Bi Dhahabu kuanzia vidole hadi kiwiko, mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mnatazama nini?" Bi Dhahabu akawauliza watu. "Nitaosha."

Wafula alikuwa na kadi mkononi. "Jina la mwenye mbwa?"

"Hana mwenyewe."

"Mama, kadi haiwezi kukaa tupu."

"Huyu hukaa karibu yangu. Andika jirani."

Wafula alimtazama Mwidani. Mwidani akatazama sanduku la barafu. Wafula akaandika: "Mwenye mbwa: Jirani."

Hilo ndilo neno lililokuwa likikosekana Likoni. Watu walitawanyika, na baada ya nusu saa wakaanza kurejea, mmoja na mbwa mwenye doa, mwingine na watatu wanaofuata harufu ya dagaa mfukoni mwake, kila mmoja akieleza kabla hajaulizwa kwamba mbwa si wake, ni jirani tu. Mtu mmoja alimleta mbwa akiwa ndani ya kikapu cha samaki. Milcah alikuwapo na wake, akawafundisha wengine namna ya kufunga kamba. Hadi saa nane dawa yote mia tatu ilikuwa imekwisha, na Mwidani alikuwa ameumwa mara mbili, na mbwa aliokuwa amewachanja mwenyewe mwaka uliotangulia. Jioni mstari wa watu kwenye bomba la maji ulikuwa mrefu, na kila mtu ameshika gao la udongo.

Mwezi uliofuata ilikuja barua kutoka ofisi kuu. Iliuliza ni nani huyu Jirani anayemiliki mbwa mia mbili na themanini na mmoja katika eneo la Likoni, na kama ana kibali. Wafula alikaa na barua hiyo siku tatu. Mwisho akajibu kwa mstari mmoja: "Ni mtu mashuhuri huku na anashirikiana vizuri na ofisi." Hawakuandika tena.

Mwidani hakuwahi kusema kwamba ameushinda ugonjwa. Akiulizwa alisema, "Mwaka huu hatujapata mtu," na mwaka uliofuata alisema hivyo hivyo. Mwaka 1989, kule Mtongwe, mbwa mgeni aliyetoka asikojulikana alimuuma kigimbi akakimbilia vichakani. Mwidani alikiosha kidonda kwa sabuni robo saa nzima, akaegesha baiskeli, akavuka feri kabla damu haijakauka. Alipata zile kumi na nne, moja kila siku, akivuka na kurudi. Muuguzi aliyemdunga aliitwa Jael, mwanamke mwenye mkono mwepesi. Siku ya tisa, sindano ikiwa imekwisha kutoka, Mwidani alianza kulia na hakuweza kunyamaza. Jael alimwambia asione haya, watu wazima wengi hulia siku ya tisa, tumbo huwa limevimba. Mwidani akamshukuru, akavaa shati.

Mwaka 1994 alihamishiwa Kisauni. Bi Dhahabu alimsindikiza hadi njiani akampa mabumunda kwenye karatasi, akiyaweka juu ya jiwe ili ayachukue mwenyewe. Huko alianza upya na watu wasiomjua: Magogoni, Frere Town, na vile vyumba vya kupanga vya Bombolulu ambako kila mlango una jina la mtu wa mahali pengine. Mwenye duka mmoja wa Bombolulu alimkaribisha kwa furaha, akasema mbwa hana, lakini ana kima, na angependa achanjwe, kwa kuwa amekwisha kuuma wateja wawili. Mwidani alimweleza kwamba dawa aliyo nayo haikuletwa kwa ajili ya kima, ila wale wateja wawili angetaka kuwaona, leo, kabla hawajaenda popote. Akatoa daftari aandike majina yao. Kima akamnyang'anya kalamu akapanda nayo darini, na Mwidani akamwomba mwenye duka kalamu nyingine.